Kutenga mazalia ziwani: tunalinda samaki au tunalinda madumu?

#1 Kipe_Kimoja (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) ya kijiji chetu (Ziwa Tanganyika, kusini mwa Ilagala, jina naliacha) iliita mkutano chini ya mwembe. Ajenda moja tu, kutenga eneo la mazalia ya samaki. Wamechora mstari kuanzia ule mwamba wenye kinyesi cha ndege mpaka mdomo wa kijito, halafu mita 300 kuingia ndani. Humo hakuna wavu, hakuna ndoano, wala watoto kutega na chandarua. Alama ni madumu ya njano ya lita 20, kamba, na jiwe chini.

Mimi nina kipe kimoja, mtumbwi wa kuvulia kwa taa, nilichoachiwa na mzee. Nakula kwa dagaa na migebuka, basi. Sasa dagaa leo yuko kwetu, keshokutwa yuko Kongo. Mita 300 zinamsaidia nini kiumbe wa namna hiyo? Naona ni sawa na kumjengea njiwa pori zizi.

Faini wameshaitaja, faida hawajaitaja. Anayejua anieleweshe, sijaja kubishana.

#2 Katonga_Chini
"Sijaja kubishana", halafu umeleta mada ya ziwa jukwaani 😂 Nakaa hapa na kahawa yangu.

#3 Mama_Mgebuka
Mleta mada, mimi nanunua samaki Kibirizi miaka kumi na minne sasa. Zamani beseni moja la migebuka nilikuwa nachagua wakubwa, wadogo nawaachia wenzangu. Siku hizi nachagua wadogo kwa wadogo. Hilo zizi la njiwa unalolicheka, mimi naomba lijengwe hata kesho.

#4 Afisa_Mstaafu
Kipe_Kimoja, swali lako ni zuri ila umewatia samaki wote kapu moja. Nilifanya kazi ya uvuvi muda mrefu mkoani Kigoma, naomba nieleze kidogo.

Eneo tengefu linamfaa samaki kulingana na anavyotembea. Kuna samaki wa miambani, wale jamii ya ngege na ndugu zake, zaidi ya aina 200 ziwani mwetu, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Huyu anazaliwa kwenye mwamba, anaoa hapohapo, anafia hapohapo. Wapo wanaotagia mayai ndani ya makombe matupu ya konokono, nyumba yake nzima inaenea kwenye kiganja chako. Kwa samaki wa aina hiyo mita 300 ni nchi nzima.

Dagaa ni habari nyingine. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya dagaa wa kaskazini na wa kusini hawakuona tofauti ya maana. Maana yake ni kundi moja la ziwa zima, kwa hiyo kumlinda ni kazi ya nchi nne, sio ya mwembe mmoja.

Kwa hiyo uko sahihi nusu.

#5 Kipe_Kimoja
Asante mzee. Nusu naipokea. Ila kwenye mkutano walituambia kabisa "dagaa wataongezeka". Hiyo nusu nyingine walitudanganya?

#6 Afisa_Mstaafu
Siwezi kusema walidanganya. Dagaa wachanga husogea karibu na ufukwe kabla ya kwenda kilindini, na yule dagaa mkubwa mnayemwita lumbo anatagia karibu na nchi kavu. Hata sangala akiwa mdogo anajificha kwenye majani ya pembeni. Kwa hiyo ukingo ni kama chumba cha kulelea. Kokoro, ule wavu wa kuburuta, linapita palepale, linakomba wachanga wa kila aina pamoja na mayai yaliyolala mchangani. Ukifunga ukingo unawapa nafasi ya kufika kilindini. Wakishafika huko, nani atawavua ni habari nyingine.

#7 Katonga_Chini
"Nani atawavua" jibu analo mleta mada: Mkongo 😂

#8 Sangara_Mkavu
Wakuu nipo Mwanza lakini niruhusiwe. Huku kwetu tuna Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, maji yanayozunguka kisiwa hayavuliwi. Nimepita pale usiku mara nyingi. Ukifika karibu na mpaka unakuta taa za mitumbwi zimejipanga mstari mmoja, kama mtu kazipima na kamba. Wanasubiri wanaotoka. Kwa hiyo usidharau, wavuvi hawajipangi mahali pasipo na samaki.

Halafu nyie sangala wenu na sangara wetu ni ndugu au vipi?

#9 Afisa_Mstaafu
Ukoo mmoja, ila wetu ni wa asili ya hapa. Wenu aliletwa miaka ya 1950 akala wenyeji. Usituletee.

#10 Sangara_Mkavu
Wageni wema huzaa matajiri mzee 😅

#11 Mbizi_Kigoma
Mimi nilikuwa napiga mbizi kukamata samaki wa mapambo, wale wanaopelekwa Ulaya kwenye matangi ya vioo. Nitasema nilichoona chini ya maji, maana wengi humu mnayajua maji kwa juu.

Kuna aina moja nyeusi yenye mkanda wa rangi tumboni. Ukienda mwamba huu mkanda ni wa njano. Ukivuka ghuba ya mchanga, kilomita chache tu, mkanda ni mwekundu, au hauna kabisa. Samaki yuleyule! Kwa nini? Kwa sababu havuki mchanga. Mchanga kwake ni kama barabara kuu kwa kuku, akivuka analiwa. Na wengi wanalea watoto mdomoni, hawana kile kipindi cha mayai kubebwa na mkondo kwenda mbali kama samaki wa baharini.

Sasa njoo kwenye mstari wa BMU ya mleta mada. Umesema mwisho ni mdomo wa kijito. Mdomo wa kijito ni mchanga na tope. Maana yake samaki wa miambani wakiongezeka humo watajazana humohumo, hawatoki. Kama lengo ni kuwatunza, safi. Kama lengo ni wavuvi wapate wanaomwagika nje, mstari ungekata katikati ya mwamba, nusu ndani nusu nje, ndipo wavuke wenyewe bila kujua. Je, mlijadili lengo kabla ya kuchora?

#12 Kipe_Kimoja
Mbizi, hilo halikusemwa hata kidogo. Kijito kilichaguliwa kwa sababu kinaonekana ukiwa ziwani, na kwa sababu nje ya kijito ndipo mwenyekiti anapoegesha mitumbwi yake.

#13 Katonga_Chini
Aaaaah. Mada imeanza sasa.

#14 Mama_Mgebuka
Mwenyekiti wa kijiji au wa BMU?

#15 Kipe_Kimoja
Dada, niache niishi.

#16 Kusi_Limevuma
Mnazunguka mbuyu. Samaki wanapungua kwa sababu ya joto, basi. Fanyeni hesabu ya ziwa lenyewe. Kina ni mita 1,740 lakini hewa ya kupumua samaki inaishia mita mia moja na kitu juu, huko chini ni maji mafu yamejaa mbolea. Mbolea ile inapanda juu upepo wa kusi unapovuma, Mei mpaka Agosti hivi, unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, ya chini yanapanda upande wa kusini. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi zaidi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, upepo unashindwa kuyakoroga. Bila mbolea hakuna chakula cha dagaa. Kuna utafiti ulitoka 2003 ukakadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20. Mwingine wa 2016 walichimba tope la chini wakakuta mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Madumu yenu ya njano yatapoza ziwa?

#17 Afisa_Mstaafu
Kina ni 1,470, umegeuza tarakimu. Mengine umesema vizuri. Ila usitumie joto kuwasamehe watu. Mgonjwa wa malaria ukimpiga na fimbo anakufa haraka zaidi.

#18 Kusi_Limevuma
Sahihi, 1,470. Kidole kiliteleza.

#19 Mzee_wa_Kabogo
Wanangu, shikamooni hamjaniamkia lakini si neno. Mimi nina miaka sabini na mbili. Wagiriki walileta Bujumbura nyavu zile kubwa za kuzungushia samaki miaka ya hamsini, baba yangu alizikuta. Kabla yake watu walivua na lusenga, wavu wa kuchotea, na moto wa kuni kwenye mtumbwi, mtu mmoja anawasha, mmoja anachota. Halafu karabai. Sasa taa za sola, mtumbwi mmoja unawaka kama stesheni. Hebu niambieni dagaa atalala saa ngapi?

Zamani tukipita rasi ya Kabogo wazee walidondosha shanga majini na hakuna aliyevua pale. Tuliambiwa pana mwenyewe. Hatukuwa na dumu wala faini. Vijana wa sasa mnajua hapana mwenyewe, ndio mnavua.

#20 Katonga_Chini
Shikamoo babu 🙏

#21 Mbizi_Kigoma
Shikamoo mzee. Kwa vile umetaja taa, kuna jambo limenijia. Kipe kikiegeshwa nje ya mstari na taa zimeelekezwa ndani, dagaa wa ndani watazifuata. Mwanga hausimami kwenye dumu. Kwa hiyo eneo la mita 300 kwa mvuvi wa taa ni kama halipo, anaegesha mita 301 na anavuta wote.

#22 Kipe_Kimoja
Mbona unafundisha watu 😂

Lakini kweli. Nimeshafanya hivyo bila hata kukusudia.

#23 Pwani_Kilindoni
Salamu kutoka Mafia. Sisi tumeishi na hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, kwa hiyo tumeshapita huko mnakoelekea. Kwetu hawakufunga kote. Kuna sehemu ya ndani kabisa haiguswi, kuna sehemu ya matumizi maalumu ambayo wenyeji wanavua kwa zana zilizoruhusiwa, na ya matumizi ya jumla. Mwanzoni kelele zilikuwa kubwa kuliko zenu.

Nilichojifunza ni kwamba ukubwa na umbo vina maneno. Eneo jembamba refu kando ya pwani lina mpaka mrefu kuliko tumbo lake, samaki kila akigeuka yuko nje. Ukilifanya nene, wengine wanafika uzee ndani. Na samaki jike mkubwa mmoja anataga mayai mengi kuliko wadogo wengi ukiwajumlisha uzito uleule. Ukimpata mkubwa mmoja wa kukaa ndani miaka, huyo ndiye benki yenu.

Na kama hamtaki kufunga moja kwa moja, tazameni Pemba, Kisiwa Panza. Wanafunga mwamba wa pweza miezi michache, wanafungua siku moja, kijiji kizima kinashuka. Watu wanaona faida kwa macho. Au Chumbe kule Tanga, ile imefungwa kabisa tangu 1994.

#24 Sangara_Mkavu
Chumbe ni Unguja mkuu.

#25 Pwani_Kilindoni
Unguja, kweli. Nilikuwa nafikiria Tanga kwa sababu nao wana miamba yao. Samahanini.

#26 Afisa_Mstaafu
Ya pweza msiibebe nzimanzima. Pweza anakua haraka mno na anaishi mwaka hivi, ndiyo maana miezi michache inatosha. Chukua kuhe wetu, miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii ya ngege duniani, anafika sentimita 80. Wanasema watafiti anataga mara moja maishani. Baba na mama wanalinda maelfu ya watoto kwa wiki kadhaa, hawali vizuri, wanakonda mpaka wanaisha. Ukimvua mzazi mmoja kwa ndoano wakati huo, umemvua yeye na kizazi chake chote. Kwa kuhe kufunga miezi mitatu halafu kufungua "siku moja kijiji kizima" ni msiba.

#27 Mama_Mgebuka
Na kuhe ndiye mtamu kuliko wote. Mnisamehe.

#28 Asali_Mbichi
Wakuu nipo Tabora mjini. Naomba kujua debe la dagaa Kigoma limefika bei gani? Huku wanatuuzia kama dhahabu.

#29 Katonga_Chini
Leta asali kwanza.

#30 Kusi_Limevuma
Tukubaliane jambo moja basi. Kwa dagaa na migebuka dawa sio eneo, ni muda. Ndiyo maana 2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Samaki anayetembea unamfungia kalenda badala ya uzio.

#31 Kipe_Kimoja
Hapo nina ushahidi wangu. Mwaka ule nilikaa miezi mitatu nachonga mipini ya majembe na kuuza mkaa, Mungu anisamehe. Tulipofungua, wiki ya kwanza nilipata dagaa sijaona tangu mzee yuko hai. Nikalipa ada ya mtoto na deni la injini. Kufika Oktoba tukarudi palepale. Kila mtu alikuja na njaa yake siku ileile, mitumbwi ilikuwa inagongana.

#32 Mama_Mgebuka
Na wanaoanika je? Mvuvi alichonga mipini, sisi wanawake wa vichanja tulichonga nini? Wengine walikopa kwenye vikoba wakashindwa kurudisha, mpaka leo hawaamkiani.

#33 Mzee_wa_Kabogo
Kalenda nayo tulikuwa nayo. Mwezi ukiwa mpevu dagaa haji kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi ziwa linajifunga lenyewe wiki moja. Wavuvi walishona nyavu na kuoa.

#34 Kusi_Limevuma
Mzee amemaliza 😂 Ila mnaona shida ya Mei mpaka Agosti? Ndio msimu wa kusi, chakula kinapanda. Wengine watasema ndipo wazaliane vizuri, wengine watasema umewafunga watu wakati ziwa lina mali. Mimi mwenyewe sijaamua.

#35 Bangwe_Juu
Mmesahau tope. Mimi nalima mlimani, nakiri. Mvua ya kwanza ikipiga, maji yanashuka mekundu mpaka ziwani, yanaacha vumbi juu ya miamba. Majani yale ya kijani ambayo samaki wa mwambani wanakwangua yanafunikwa. Mtatenga maji mita 300 na huku juu tunakata miti? Mahale kuzuri kwa sababu mlima nao umefungwa, sio maji peke yake.

#36 Mbizi_Kigoma
Bangwe umenena. Mahale hifadhi imeingia ziwani kilomita 16 na...

#37 Afisa_Mstaafu
1.6. Nukta ina kazi yake.

#38 Mbizi_Kigoma
1.6, asante mzee, leo umeamka na rula. Nilichotaka kusema, nimezama pale kwa kibali na nimezama karibu na mji. Mahale ukishuka samaki wakubwa hawakukimbii, wanakutazama kama wewe ndiye umepotea. Kuna utafiti wa 2013 ulilinganisha na maeneo yasiyolindwa wakakuta Mahale ina aina nyingi zaidi. Lakini je, ni kwa sababu ya ulinzi, au msitu, au kwa sababu hakuna mji karibu? Ukiwa chini ya maji huwezi kutenganisha.

#39 Asali_Mbichi
Mimi nachangia sasa, msinifukuze. Baba yangu alivua Ziwa Sagara, huku mpakani mwa Tabora na Kigoma. Kule hapakuwa na dumu wala kamba. Kulikuwa na mafunjo. Wavu hauingii kwenye mafunjo, samaki wanazaliana humo, wanatoka wenyewe. Lile eneo zima la Malagarasi na Moyovosi ndilo la kwanza nchini kuingia Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Baba alisema siku mkichoma mafunjo mpate malisho, msiniulize samaki wamekwenda wapi. Walichoma.

Kwa hiyo tafuteni mahali ambapo wavu wenyewe unakataa kupita. Miamba yenye meno, visiki, majani. Hapo hata mlinzi akilala kazi inaendelea.

#40 Mama_Mgebuka
Kumbe Tabora kuna watu.

#41 Kipe_Kimoja
Asali umenifungua macho. Upande wa kaskazini wa mwamba wetu pana miti iliyozama maji yalipopanda 2020. Nyavu zinachanika pale, tunapaita Makaburini. Hakuna anayepataka. Kwa nini wasitenge pale?

#42 Katonga_Chini
Kwa sababu mahali ambapo hakuna anayepataka hakuna faini.

#43 Afisa_Mstaafu
Katonga, mzaha wako una ukweli ndani, lakini una upande wa pili. Ukitenga mahali ambapo hakuna aliyekuwa akivua, hujapunguza uvuvi hata kwa ndoano moja. Umepata ramani nzuri tu. Eneo lazima liume kidogo. Swali ni limuume nani.

#44 Bangwe_Juu
Linamuuma yule asiye na mashine. Mwenye injini ataenda mbele, mwenye mtumbwi wa kasia na ndoano ndiye aliyekuwa anategemea zile mita 300 za karibu.

#45 Kipe_Kimoja
Hilo ni kweli kabisa. Kuna mama mmoja jirani, mjane, watoto wake wanatega pale kwenye kijito kupata kitoweo. Kwenye mkutano hakusema neno, alikuwa amekaa nyuma anachambua mchicha.

#46 Pwani_Kilindoni
Kwetu pia waliokaa nyuma ndio waliolipa. Muulizeni kabla ya kufunga kamba. Anaweza kuwa anajua samaki wanataga wapi kuliko kamati nzima.

#47 Kusi_Limevuma
Na nchi nne je? Sisi tuna karibu asilimia 41 ya ziwa, wenye kubwa ni Kongo, 45. Mkataba ulisainiwa Dar 2003, mamlaka ya ziwa ofisi yake ipo Bujumbura. Kijiji kikifunga na ng'ambo wakokoe?

#48 Mbizi_Kigoma
Ndugu yangu, samaki wa mwambani wangu hana pasipoti. Hajawahi hata kuvuka kijito. Kwa huyo Kongo haihusiki.

#49 Kusi_Limevuma
Na huyo wa mwambani hajai beseni la Mama Mgebuka.

#50 Mama_Mgebuka
Msinitaje kila mahali jamani, nina wateja humu.

#51 Kipe_Kimoja
Wakuu, taarifa. Leo asubuhi nimepita na mtumbwi. Madumu yalikuwa sita, yamebaki mawili. Kamba zimekatwa kwa kisu, safi kabisa, mawe yapo chini nayaona. Nimerudi mwaloni nimekuta dumu la njano linauzwa kwenye genge, limeoshwa, bado lina alama ya kamba shingoni. Muuzaji kaniambia la mafuta ya mawese.

#52 Katonga_Chini
😂😂😂 Eneo limeshavuliwa kabla ya samaki.

#53 Afisa_Mstaafu
Nilisema kwenye mikutano mingi, usitumie kitu kinachofaa jikoni. Tumieni alama za nchi kavu, mti na mwamba, rangi nyeupe. Mtu akiviona viwili vimepangana mstari mmoja anajua yupo mpakani. Mwamba hauuziki.

#54 Mzee_wa_Kabogo
Mnunulie yule mjane dumu hilo.

#55 Kipe_Kimoja
Nimeshanunua mzee, ila nimemnunulia mke wangu, alikuwa ananidai. Mkutano wa pili ni Jumapili. Nitauliza la lengo, la mwamba kukatwa katikati, la Makaburini na la yule mama. La mitumbwi ya mwenyekiti ataliuliza mwingine, mimi kipe changu kinaegeshwa hapohapo.

#56 Asali_Mbichi
Sawa. Sasa bei ya debe?

#57 Mama_Mgebuka
Ya mwaloni au ya kukufikishia stesheni?